Njau wa Juu ya Meza

Msiniulize tena. Kila Jumamosi lazima mtu achungulie jikoni kwangu, "Wilkister, yule Njau mwenyewe siku hizi anaimba wapi?" Haimbi! Yuko kwao Gatuanyaga anachunga mbuzi, na nyinyi ndio mlimfukuza, mkicheka. Leo nitasema yote mara moja, halafu mniache nipike.

Nilimkuta Njau hapa Kamakis nilipokuja kazi ya jikoni kwa Githinji, mwenye hii nyama choma. Katikati ya wiki alikuwa mkulima wa kawaida, shamba la mawe na mbuzi wachache, mtu hana maneno. Ungempita barabarani usimwone. Lakini Jumamosi mchana akivaa kofia na kuning'iniza gitaa, yawa, huyo alikuwa mtu mwingine. Alikuwa anaimba mugithi, zile nyimbo za Kikuyu za kucheza, peke yake, na watu wanashikana mabega, mstari unazunguka meza kama treni.

Treni lazima iwe na mtu wa mbele, na huyo hajichagui. Njau ndiye anamwita, kwa jina na kwa kwao, katikati ya wimbo: "Gachau wa Ngoingwa, simama utuongoze!" Ukiitwa unasimama, hata kama una nyama mdomoni. Nimeona wanaume wazima na magari yao wakilainika kama watoto juu ya kuitwa na Njau. Mimi ni Mjaluo wa Ahero, hata nusu ya hayo maneno ya nyimbo siyajui, lakini siku aliyoniita, "Wilkister wa Ahero!", nilitoka jikoni na mwiko mkononi nikaongoza watu mpaka kwa parking. Kazi hiyo ya kuita ndiyo iliyomfanya Njau ajione mtu. Mkewe aliniambia hata wakigombana wiki nzima, Ijumaa walikuwa wanapatana, kwa sababu lazima lile shati lipigwe pasi.

Halafu akaja Jackie. Msichana wa Ruiru, mpole, simwekei kinyongo sana. Kazi yake ni kutangaza burudani kwa simu. Akamwambia Githinji hivi: tunabandika picha ya Njau ukutani na kwa kila meza. Mteja anaelekeza simu kwa picha, na kwa kioo cha simu anamwona Njau amesimama juu ya meza yake, mdogo kama chupa ya soda, anaimba na kucheza kati ya ugali na kachumbari. Ukitoa simu, hakuna kitu hapo. Ukiirudisha, Njau huyo!

"Watu wakionja hiyo, watakuja kumwona mwenyewe," Jackie alisema. Njau alifurahi mpaka akanikumbatia na mafuta yangu yote.

Wakampeleka Ruiru, chumba kina kitambaa cha kijani ukutani, wakamrekodi. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la mwimbaji wa mugithi, mwingine hangelifanya. Alishindwa kuimbia chumba kitupu. Kwake, wimbo ambao hakuna anayeitwa haukuwa wimbo. Basi akafunga macho, akaita mtu aliyemzoea: Gachau wa Ngoingwa, fundi wa mabomba, ambaye alikuwa hakosi kuja Jumamosi. Gachau aliposikia jina lake limeingia kwa simu, alinunulia meza nzima mbavu.

Mwanzo watu walijaa kweli. Walitoka hadi Thika, wakamtafuta Njau wapige picha naye. Lakini pole pole Githinji akagundua kitu: Njau wa juu ya meza hachoki, hali chakula, na haulizi swali. Akamwambia huyu wetu apumzike kidogo, aje mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukageuka Krismasi. Siku Njau alikuja kuuliza, Githinji alimwonyesha ukuta. "Kwani shida ni nini? Si uko hapa kila siku?" Nilikuwa nimebeba sufuria ya matumbo, na nilitamani kummwagia. Aki nilitamani.

Kisha Gachau akafa. Presha, ghafla, akiwa kazini. Mlitoka mazikoni mkaja hapa kula, mkamleta na mjane wake, Waithira, mkaketi naye. Meza ya pili walikuwa wateja wa hizi fleti mpya, hawajui mtu. Mmoja akaelekeza simu. Sauti ya Njau ikatoka, tamu vile vile: "Gachau wa Ngoingwa, simama utuongoze!"

Waithira aligeuka akaangalia mlangoni, kama mtu anayengoja mumewe aingie. Halafu akapiga nduru.

Njau alipopata habari alienda Ngoingwa kuomba msamaha. Waithira akamfungia mlango. Mambo ya picha na simu hakuyajua; aliamini Njau alikuwa hapa siku hiyo, amejificha mahali, anamfanyia mzaha. Sasa, hapa kwetu mtu wa treni akifa, mwimbaji anamwita mara ya mwisho, taratibu, na mstari unatembea nafasi ya mbele ikiwa wazi. Ndivyo tunavyoaga. "Nikimwita Gachau mimi mwenyewe, mbele ya macho ya mkewe, atajua ile sauti nyingine haikuwa mimi," Njau aliniambia. Nilimbembeleza Waithira mpaka akakubali kuja. Nilijiona nimefanya la maana, mjinga mimi.

Njau akaja na shati lake limenyooka. Githinji akamruhusu wimbo mmoja. Waithira aliketi karibu na jikoni, kitambaa cheusi kichwani, mikono mapajani. Njau akasimama mahali pake pa zamani, mbele ya ukuta, akaanza pole pole. Wazee wachache wakainuka, wakashikana mabega. Hata mimi niliacha jiko.

"Mzee, songa kidogo." Alikuwa msichana wa meza ya katikati, simu juu. "Unaziba picha."

Na alisonga! Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo, alisonga, akaendelea kuimba kando, karibu na mlango wa choo. Akafika pale pa jina. Akafunga macho, akavuta pumzi, na kabla hajaita, simu ikamtangulia: "Gachau wa Ngoingwa, simama utuongoze!" Simu nyingine ikadakia, na nyingine tena. Watu wakasimama kwa vicheko, kila mmoja anaongoza treni yake mwenyewe. Waithira akaziba masikio.

Njau akaweka gitaa chini, akamfuata Githinji kaunta na kumshika mkono. Sijawahi kumwona huyo mtu akiomba.

"Githinji, mimi sirudi hapa. Kaa na sura yangu, kaa na sauti. Toa tu hilo jina. Mama wa watu yuko pale, anasikia."

Githinji alimwangalia Waithira. Akaangalia zile meza.

"Nisamehe, ndugu yangu," alisema. "Hapo kwa jina ndipo wanapenda."