Sauti ya Mama Ilivyofungiwa Makomeno

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, kaka yangu mkubwa alipofika kwetu Kasungami na gari lake safi, akainama juu ya mashine ya santuri ya papa, baba yetu, akaiona sarafu. Papa alikuwa ameibandika kwa utepe juu ya mkono wa mashine, pale panapokaa sindano, ili sindano iliyolika isirukeruke. Kaka alishika kichwa kama mtu aliyekuta sufuria inaungua. Hapo ndipo mambo yetu yalipoanza kuharibika, na mpaka leo hayajatengenea.

Nakuambia haya kwa sababu nimeona ulichonunua. Mashine ya zamani, mbao zinang'aa, kifuniko kizima hakina hata ufa. Umeiweka sebuleni, juu yake maua ya plastiki, na wageni wakija unawaambia wasiiguse. Ni nzuri, sikatai. Lakini kaa kidogo unisikilize, na usitegemee nilitie sukari jambo hili, maana kwangu bado ni chungu.

Mashine ya papa haikuwa ya kujivunia. Ilikuwa ndogo, ya kubeba mkononi kama sanduku, spika yake ndani ya kifuniko, ikitumia betri kubwa za tochi. Aliipata alipokuwa akifanya kazi ya reli, na alipostaafu akahamia nayo Kasungami, kwenye shamba lake la mahindi. Santuri zake zilikuwa chache, na aliyoijali ni moja tu. Mama yetu, kabla hajaolewa, aliimba na wasichana wenzake wa parokia, na mtu mmoja mwenye studio ndogo mjini akawarekodi. Upande mmoja wote ni sauti yake. Mama alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Picha alizoacha zote amekunja uso kwa sababu ya jua, kwa hiyo ukitaka kumjua mama yetu alivyokuwa, ilibidi uipige santuri ile.

Kila Jumapili baada ya misa papa aliweka kiti nje, akaipiga. Betri zikichoka alizianika juu ya bati la banda la kuku ili jua lizirudishie nguvu kidogo. Nguvu isipotosha, santuri ilizunguka polepole na sauti ya mama ikawa nzito kama ya mwanaume. Papa alicheka, akasema, "Leo mama yenu iko na mafua." Majirani waliijua saa ile. Hakuna aliyekuja kuazima jembe wala kuuliza habari za mvua. Walimwacha na mke wake.

Sasa, kaka yangu alikuwa na kazi nzuri ya ofisini, nyumba mjini, mtaa wa Makomeno, na mashine ya santuri ambayo watu walikuja kuitazama tu. Alizijua mashine hizo kweli, siwezi kumpunguzia. Hata aliyoyasema siku ile yalikuwa sahihi: sindano iliyolika inakwangua santuri, na sarafu juu yake inazidi kuikandamiza, mpaka sauti inakwisha.

"Papa, hii aiguille iko nakula sauti ya mama," alisema, akiiita sindano kwa Kifaransa. "Nipe disque ya mama niichunge kwangu. Nitakuletea aiguille ya mupya, na disque nitaileta pamoja nayo."

Papa aliifuta santuri kwa shati lake, akampa. Alikuwa mwanawe wa kwanza, angekataaje?

Sindano haikuja. Nilikuwa kijana mwenye baiskeli, basi mimi ndiye niliyetumwa kuulizia. Leo kaka alisema ameiagiza mbali, kesho alisema barabara ya Kasungami ina vumbi jekundu litakaloiharibu santuri, siku nyingine alikuwa na wageni na hakutoka hata mlangoni. Nilirudi kwa papa nikiwa nimeyalainisha majibu njiani. Papa alinijua. Aliniambia nikapumzike, halafu akaenda kukaa nje kwenye kiti chake, na mashine haina santuri aliyoitaka.

Mwishowe alivaa koti lake la misa, tukaenda wote Makomeno. Tulikuta wageni sebuleni. Kaka alimpokea papa vizuri, alimpa soda, akaipiga santuri. Mwanangu, sauti ilitoka safi kiasi kwamba ulisikia mama akivuta pumzi kabla ya kuimba. Papa aliacha soda hewani. Lakini kaka alikuwa akiongea wakati wimbo unaendelea, akiwaeleza wageni uzito wa mkono na ubora wa sindano, na kabla papa hajatulia wimbo ukawa umekwisha. Papa aliomba irudiwe.

"Inatosha, papa," kaka alisema, tena kwa upole. "Kila mara ikipigwa iko nazeeka."

Papa alisimama, akamshukuru. Alimshukuru, unanielewa?

Miezi michache baadaye kifua kilimlaza. Hakuomba hospitali nyingine wala chakula cha pekee. Aliomba mama yetu aletwe. Nilikwenda Makomeno nikamwambia kaka, naye alishtuka kwa kweli, akaapa kwamba Jumapili atakuja nayo mwenyewe. Nilimpelekea papa habari hiyo, na kwa mara ya kwanza sikuhitaji kuilainisha. Papa alifariki Jumamosi asubuhi.

Kaka alikuja kwenye kilio na mashine yake kubwa, spika na jenereta. Aliipanga uani mchana, papa akiwa amelazwa ndani, akaweka santuri ya mama. Watu wakaanza kumsifu jinsi alivyoitunza, na yeye analia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba yalikuwa ya kweli.

Shangazi yetu, dada wa papa, aliinuka kwenye mkeka. Alikuwa mama mpole, kazi yake yote maishani ilikuwa kusuluhisha watu. Aliunyanyua mkono wa mashine kwa vidole vyake, wimbo ukakatika.

"Hii sauti ilikuwa ya ule iko nalala mu nyumba," alimwambia. "Alikuomba mpaka akachoka. Sasa unapigia nani?"

Shangazi aliitoa santuri, akanipa mimi, akarudi kuketi.

Baada ya mazishi nilikwenda kufungia kuku. Juu ya bati la banda nikazikuta betri za papa, zimepangwa mstari mmoja, zina joto la jua. Alikuwa ameamka kitandani na kifua kile, akazianika mwenyewe, ziwe tayari kwa Jumapili.

Kaka yangu ni mzima, bado anakaa Makomeno. Hatusemezani. Padre ananiambia nisamehe, nami nakubali pale kanisani, kisha nafika nyumbani, naiona ile mashine ndogo, nabadilisha mawazo. Santuri ya mama naipiga kila Jumapili. Sasa inakwaruza, na pale alipokuwa anavuta pumzi pameshakwisha kabisa. Wajukuu wanaijua kwa moyo, wanaimba na makwaruzo yake.

Basi nasaha yangu ni hii. Badilisha sindano ikilika, futa vumbi, usiweke sarafu. Kaka alisema kweli kwa hayo yote. Lakini toa yale maua ya plastiki uipige mashine yako, na kabla ya kuipiga jiulize ni nani anayeusubiri wimbo huo. Akiwa yuko hai, mpelekee leo, hata kama barabara ina vumbi. Akikuomba uurudie, urudie, na wewe unyamaze. Santuri itazeeka tu. Na yeye pia anazeeka, tena upesi zaidi.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe masikio mazima, akupe nyumba yenye watu wa kuimba nawe. Na siku zako zikifika mwisho, asiache betri zako juani zikimsubiri mtu ambaye haji.