Daraja la Ukoo Wetu

Mwanangu, ukinisikia nikicheka peke yangu mvua ikinyesha, ujue nimelikumbuka daraja letu la kule karibu na Nyaramba. Nacheka, lakini hata leo sijui kama ni jambo la kuchekesha.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, miaka ile ya sitini, bendera yetu ikiwa bado mpya. Tulikuwa na chai changa na mlima mmoja mbaya. Mvua ya alasiri ikinyesha, lori la chai lilikuwa likikwama hapo matopeni, na majani yakikaa sana kwenye vikapu hugeuka mekundu, karani wa kununua chai hayapokei. Basi mheshimiwa mbunge akaja barazani akasema serikali imetoa fedha za barabara, tuseme tunataka nini.

Barabara ya mlimani, au sivyo? Mimi nilidhani hivyo. Lakini ukoo wa ng'ambo ya kijito ulikuwa umejengewa daraja lake, juu kidogo tu. Baba mkwe wangu, aliyekuwa mkubwa wa wazee wetu, akasimama. "Kwani sisi ni watoto wa kambo? Na sisi tujengewe daraja!" Wanaume wakapiga makofi. Mheshimiwa akakubali upesi mno, huku akitabasamu.

Kwetu Wagusii, mke wa mwana na baba mkwe huoneana haya. Hawakaribiani wala kutazamana usoni, sembuse kupingana mbele ya watu. Nikanyamaza.

Likajengwa daraja la zege, zuri ajabu. Upande huu njia ya ng'ombe, upande ule migomba ya watu. Barabara hakuna. Siku ya kulifungua tuliimba mpaka sauti zikatukauka. Nilifurahi kweli, mwanangu, usiniulize kwa nini.

Wiki hiyohiyo lori likakwama tena mlimani. Nilikuwa nimechuma tangu alfajiri, kaka yako mkubwa mgongoni, kifua kikimbana, na dawa yake ilitegemea majani yale. Lori lilipofika, karani akayakataa yote. Nikarudi nina hasira, nisijue nimkasirikie nani: karani, mvua, mheshimiwa, au baba mkwe. Nikayamwaga majani katikati ya daraja.

Nikasikia mtu akikohoa. Baba mkwe alikuwa amesimama mbali, amenipa mgongo kama ilivyo desturi, akizungumza na migomba.

"Anayemwaga chai hapo ana haki. Mimi sikutaka wale wa ng'ambo watudharau. Lakini siku ya kufungua, vigelegele vya nani vilisikika kuliko vyote?"

Vilikuwa vyangu. Kesho yake mama mkwe alikuja na dawa ya mtoto, hakutaja aliyemtuma. Nililia kwa shukrani na kwa hasira, vyote pamoja.

Sasa wewe umechaguliwa kwenye kamati ya barabara. Watakuuliza watu wako wanataka nini. Usitazame majirani wamepewa nini. Nenda kwanza usimame kwenye matope lori linapokwama, ndipo ujibu. Na ukimwona barazani mama aliyenyamaza, mwulize yeye, kabla hajaanza kushangilia pamoja na wengine.

Mungu akubariki, akupe masikio ya kusikia na haya usoni. Daraja lipo mpaka leo, imara kabisa. Tunaanika juu yake nafaka ya wimbi.