Meza Iliyoupa Mlango Kisogo

Nina hasira za karibu, nakiri. Nilikuwa msimamizi wa kwanza mwanamke kwenye mashine yetu ya kukoboa mpunga, pale mtaani Lipangalala, na kila asubuhi nilimwamkia fundi mashine, mzee wa rika la baba yangu, ingawa mimi ndiye niliyekuwa bosi wake. Cheo hakiondoi shikamoo.

Ndiyo maana binti mmoja aliyetoka Namawala alinikera. Alikuja kwa majaribio ya mwezi mmoja, kuchagua mawe kwenye mchele, na mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya wenzake wote. Lakini hakuamkia watu. Meza yake ilitazama ukuta. Fundi alipita nyuma yake, akakohoa kidogo, kama wazee wanavyofanya wakingoja shikamoo yao. Binti kimya, ameinamia mchele. Kesho yake vilevile.

"Huyo ana dharau," fundi akaniambia. "Hata wewe bosi unaniamkia!"

Nikakubaliana naye. Mwezi ulipokwisha nikaandika barua ya kumwachisha kazi, nikamwita kutoka mlangoni. Hakugeuka. Nikaita tena, mashine ikiwa imezimwa, hadi wabeba magunia wakanitazama. Damu ikanichemka. Nikamfuata, nikamshika bega.

Akashtuka, akageuka. "Shikamoo mama! Samahani, sikukuona."

"Nimekuita mara mbili!"

Aliitazama midomo yangu, kisha barua. Machozi yakamlengalenga. "Masikio yangu hayasikii vizuri tangu utotoni, mama. Kule Kiberege nilikopata kazi kabla ya hapa, nilisema ukweli siku ya kwanza, wakanirudisha nyumbani siku hiyohiyo. Hapa nikaona ninyamaze. Nina mtoto."

Niliona aibu, aibu ya kweli. Mimi mwenyewe niliomba kazi pale nikiwa na mimba ya miezi minne, nimejifunga kitenge juu ya kitenge, maana wangejua wasingenichukua. Na sasa nilikuwa nimesimama mbele ya mwanamke mwenzangu na barua mkononi.

Nikamwita fundi, nikamweleza. Mzee akavua kofia, akajikuna kichwa.

"Kumbe mwezi mzima namkoholea mtu asiyenisikia!"

Akashika upande mmoja wa meza, mimi mwingine, tukaigeuza ikatazama mlango. Haikuchukua hata dakika moja.

Asubuhi iliyofuata fundi alipoingia, binti alikuwa ameshasimama. "Shikamoo babu!" alisema, kwa sauti kubwa kupita kiasi.

"Marahaba, mjukuu wangu," mzee akajibu polepole, midomo yake ionekane.

Binti yupo mpaka leo, na siku hizi yeye ndiye anayewafundisha wafanyakazi wapya kuchagua. Ile barua sikuichana, ipo kwenye droo yangu. Kila ninapotaka kumwachisha mtu kazi, naisoma kwanza. Imeandikwa "hana adabu", na chini yake kuna sahihi yangu.