Breki ya Msumeno wa Mdogo Wangu

Msumeno wa umeme wa mdogo wangu, kwenye karakana yake pale Kimandolu, ulikuwa na tabia mbaya: ukiuzima, unaendelea kuzunguka weee, mpaka usahau kwamba unazunguka. Siku aliyosahau ulimchukua vidole viwili. Mama alimlilia aache kazi ya mbao. Hakuacha ng'o. Basi mimi, dada mtu na fundi umeme, nikasema nitautia breki.

Breki yenyewe haina maajabu. Mota ikipunguzwa mwendo ghafla inarudisha umeme, na umeme ule lazima uishie mahali. Unaishia kwenye rezista, unageuka joto. Rezista ikiwa ndogo kuliko kazi inaungua, na breki hamna tena. Nikapiga hesabu ya uzito wa magurudumu yanayozungusha msumeno, mwendo wake, na mara ngapi fundi wa mbao huzima kwa saa moja. Nikafunga rezista. Msumeno ukawa unasimama papo hapo, nikalia kwa furaha, sioni haya kusema.

Ikaungua. Nikafunga kubwa zaidi, nayo ikaungua. Jamani, nilichanganyikiwa. Nilirudia hesabu mpaka macho yakauma, nikamtukana muuzaji, usingizi ukapaa. Kila simu ikiita nilijua sasa ni mkono mzima. Nilipomuuliza mdogo wangu anazima mara ngapi, alijibu kwamba ni kama mafundi wengine tu.

Nikafunga ya tatu, kisha siku moja nikaenda bila kumwambia, nikajibanza nyuma ya magogo ya mgrivea yaliyoshushwa kutoka mlimani. Akapasua ubao mmoja, akazima. Akawasha, akazima, na mezani hamna kitu. Akasimama akiutazama. Akawasha tena, akazima. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi hesabu zangu zote nilimpigia mtu ambaye hajaumwa.

Nikajitokeza, nikamshika bega, nikamuuliza anafanya nini.

"Nazima nione kama bado unazimika, dada."

Rezista gani ingetosha hofu ile? Nilimsihi afunge, twende nyumbani kwa mama. Akasema ngoja kwanza anitoe wasiwasi, nijionee mwenyewe unavyosimama vizuri. Akawasha, akabonyeza kuzima. Ikaja ile harufu ya kuungua ninayoijua, na msumeno ukaendelea kuzunguka. Akautia mfukoni mkono wake wa vidole vitatu, tukasimama kuusubiri msumeno.