Jina la Kumi na Saba

Kabla hujanicheka, nikwambie kabisa: sinywi pombe, sikuwa na homa, na asubuhi ile nilikuwa nimeshakunywa chai na mandazi mawili. Ilikuwa saa tano, jua la Rejaf linachoma. Watu hupenda visa vya aina hii vitokee usiku, ili baadaye wakwambie hukuona vizuri. Mimi niliona vizuri sana, na kama huniamini, shauri yako.

Kazi yangu ni vyombo vya sauti. Nililelewa Kitale, Kenya, nikarudi Juba mwaka Sudan Kusini ilipopata Uhuru, na spika nne na mixa moja, ile mashine ya kupandisha na kushusha sauti, juu ya lori. Wiki hiyo hiyo nikafunga muziki mtaa wa Hai Cinema, watu wakacheza mpaka vumbi likaingia kwenye chai. Nilidhani nitafanya harusi na sherehe hadi nizeeke. Hata miaka mitatu haikwisha, vita vikaingia mjini, na kazi zote zikawa za misiba. Nilikasirika. Bado nimekasirika, kwa hiyo usitegemee nikusimulie kwa upole.

Kazi ya Rejaf, nje kidogo ya Juba, ilikuwa maombi ya kuwakumbuka vijana wa pale waliokufa vita vilipoanza. Wengi wao hawakuzikwa na watu wao, hakuna kaburi la kwenda kulilia. Basi kamati ikaamua majina yasomwe mbele ya kanisa, mama zao wayasikie. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu wa zamani ambaye kila mtu alimwita Ustaz. Alitaka spika mbili na projekta ya kuonyesha picha. Nikamwambia, Ustaz, projekta mchana, uwanja wazi, utaona kitambaa cheupe tu, labda unizimie jua. Hakucheka. Nikamwambia tuache picha, nitaleta spika zote nne, na siku moja kabla lazima nije nipime uwanja.

Unajua kupima uwanja? Unaangalia upepo unapeleka wapi kelele za jenereta. Unaangalia waya zipite wapi ili wanawake wenye masufuria wasijikwae. Unauliza mstari wa mwisho wa viti utafika wapi. Halafu mtu mmoja anasimama pale pa mwisho, wewe unaongea kwenye maiki, na yeye akisikia vizuri anainua mkono. Asipoinua, unaongeza sauti au unahamisha spika. Hakuna mashine inayoshinda mkono wa mtu.

Mkono wangu siku zote ni Opio, Mganda mwenye jenereta, anakaa Lemon Gaba. Siku hiyo jenereta ilikuwa inamsumbua nyuma ya kanisa, hawezi kuiacha. Nikaona mwanaume amesimama mwisho wa uwanja, kwenye majani marefu, shati jeupe. Nikashukuru. Nikamwambia kwenye maiki, "Kaka, ukisikia inua mkono. Moja, mbili, tatu."

Hakuinua. Nikaongeza sauti. Bado. Nikaongeza mpaka ndege wakaruka kutoka kwenye paa na Opio akapiga kelele, "Dada, wewe nataka kuua sisi? Mimi iko huku nyuma na masikio nauma!" Yule mtu mikono chini, ananitazama. Nikamtukana kidogo, Mungu anisamehe, kwenye maiki, mbele ya kanisa.

Ukichoka na moja mbili tatu, unasoma chochote kilicho karibu. Mezani Ustaz alikuwa ameacha orodha ya majina ya kesho, nikaanza kusoma. La kwanza, la pili, la tatu, yule mtu hatikisiki. Jina la kumi na saba lilikuwa limekatwa kwa kalamu mara mbili, lakini lilisomeka. Nikalisoma kama mengine: Santino Kenyi.

Mkono ukapanda.

Nikasoma la kumi na nane, mkono ukashuka. Nikarudi kwa Santino Kenyi, ukapanda. Nikapunguza sauti, ukapanda. Basi nikazima mixa, nikaweka maiki mezani, nikalitamka jina polepole, kama unavyomwita mtoto unayeogopa kumwamsha ghafla. Kutoka nilipokuwa hadi pale ni mbali kuliko uwanja wa mpira. Mkono ukapanda juu, ukanyooka. Niambie wewe, ni sikio gani lisilosikia spika nne lakini linasikia hivyo?

Wengine wangekimbilia barabarani. Mimi nilikwenda kwake, tena kwa haraka, maana hasira ilikuwa imetangulia na woga ulikuwa bado njiani. Alinitazama muda wote. Niliona kifungo kimoja cha shati hakipo. Niliona uso, kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, amechoka. Nikainamisha macho nivuke waya wangu mwenyewe, nikainua, hayupo.

Alfajiri mvua ilikuwa imenyesha na udongo ulikuwa laini. Nikamwita Opio. Akaangalia chini, akazunguka, akaangalia tena. "Dada, hapa iko mguu yako tu." Akafanya ishara ya msalaba, akarudi kwa jenereta yake.

Ustaz alipokuja jioni nikamuuliza kumi na saba ni nani. Alikunja karatasi.

"Hilo jina mafi," akasema. Halipo.

"Mafi vipi, na nimelisoma?"

Akanieleza kwa sauti ya chini. Santino alikuwa askari, na risasi zilipoanza alijikuta na wale wa upande mwingine, waliopigana na serikali. "Tukilisoma, kesho watakuja kutuuliza sisi ni watu wa nani. Mimi nina watoto." Sitasema alikuwa mtu mbaya. Halafu akaharibu kila kitu: "Wewe ni mtu wa spika. Fanya kazi ya spika."

Kesho yake uwanja ulijaa. Kabla ya maombi mwanamke mmoja akaja kwenye mixa yangu, kitambaa kichwani, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Kamati ilikuwa imemwambia akae nyuma kabisa.

"Binti, hii spika inafika kule?"

"Inafika, Mama. Nimepima."

"Isim ta jena tai," akasema. Jina la mtoto wangu. Alitaka kulisikia mara moja tu, mbele za watu, halafu aende nyumbani alale. Mtoto wake ni nani? Santino. Hakuna aliyemwambia kwamba limekatwa, na mimi mdomo wangu ukakataa kumwambia. Niliona aibu ambayo haikuwa yangu.

Ustaz akasoma. Kila jina, mama mmoja analia, wenzake wanamshika. La kumi na sita likapita, na kule nyuma nikamwona Mama Santino anainuka kwenye kiti. Ustaz akaruka hadi la kumi na nane. Mama akabaki hivyo hivyo, hajasimama, hajakaa. Nyuma yake, kwenye majani, shati jeupe, mikono chini.

Fundi wa sauti huwa na maiki yake pale kwenye mixa. Nilishusha ya Ustaz, nikapandisha yangu.

"Santino Kenyi," nikasema, kwa spika zote nne. "Santino Kenyi, mtoto wa Rejaf. Mama yake yuko hapa."

"Fi!" mama akalia. "Jena tai fi!" Mtoto wangu yupo. Wanawake waliokuwa hawajamsalimia tangu asubuhi wakainuka wakamshika, wakalia naye. Na mikono niliiona miwili, wa mama, na mwingine nyuma yake. Kisha mmoja.

Kabla watu hawajamaliza kula, wanaume wawili nisiowajua wakaja, wakakata waya zangu kwa panga, wakachukua mixa, wakaniambia wameshaijua sura yangu. Nililala kwa Opio na mke wake mwezi mzima. Ustaz akiniona barabarani anahamia upande wa pili. Sawa.

Nilipata mixa nyingine. Sasa, popote ninapofunga vyombo, kina mama huja na majina, mengine kwenye karatasi ya sukari, mengine wameyashika kichwani kwa sababu hawajui kuandika. Na nikipima uwanja, kule mwisho wale wasioacha nyayo hawaji mmoja mmoja tena. Kuna kazi moja mjini nilipewa orodha yenye majina kumi na moja yaliyokatwa, na nikaambiwa nisiulize. Nilipoyasoma nilihesabu mikono kumi na moja. Naogopa, usidhani siogopi.

Kwa hiyo wewe mwenye kalamu, unayepanga shughuli yako na kuchagua nani alikufa vizuri na nani hakufa vizuri, tafuta fundi mwingine. Ukiniita mimi, kata unavyotaka. Mimi nasoma hata yaliyo chini ya wino.