Sista Sabuni na Mtihani wa Binti wa Kaka Yake

Alizaliwa katika chumba kilicho juu ya duka la dobi, na dobi mwenyewe alikuwa mama yake. Alinukia sabuni tangu utotoni, hata watawa wenzake hawakuhangaika kumtafutia jina jingine la utani. Akiwa msichana, alimwona jirani akifariki siku chache baada ya kujifungua, kwa homa iliyoletwa na mikono michafu ya aliyemzalisha. Alisema baadaye kwamba kwenye msiba ule ndipo Mungu alipomwita. Akaingia utawani, akasomea ukunga, na kwa miaka mingi akawa mtahini wa wakunga wapya.

Jaribu lake kubwa lilitoka nyumbani. Binti wa kaka yake, aliyempenda kama mboni ya jicho, aliingia chumba cha mtihani, akanawa mikono hadi viwikoni, kisha, kwa mazoea tu, akaweka sawa kitambaa chake cha kichwa na kumsogelea mama aliyekuwa na uchungu bila kunawa tena. Watahini wengine hawakuona. Shangazi aliona, akamfelisha.

Matokeo yalipobandikwa, ukoo mzima ulipigwa na butwaa. Damu yake mwenyewe! Kwa kitambaa! Binti alijifungia chumbani, akatangaza kwamba ukunga basi, hataki hata kuusikia. Ndugu wakiwa bado wameshika vichwa, mlango wa mbele ukafunguka, akaingia Sista Sabuni na beseni mkononi. Kaka yake nusura azirai.

"Una moyo gani wewe? Umemmaliza mtoto, halafu unakuja kumtazama?"

"Mimi ndiye niliyemwangusha, kaka. Ulitaka nimtume nani aje kumwinua?"

Akaketi sakafuni nje ya chumba cha binti. Hakusema kwamba mtihani si kitu, wala hakuomba radhi. "Mwanangu," alisema, "mikono yako inajua kupokea mtoto. Haijajua kutulia tu. Fungua, tuifundishe." Ndani kililipuka kilio cha kuumiza, na baada ya kitambo ufunguo ukazunguka. Tangu hapo, kila alasiri walinawa pamoja, wakakaa mikono juu na kupiga umbea mpaka binti akasahau kwamba ana kichwa.

Mtihani wa marudio ulipofika, Sista aliomba kujitoa. Binti akakataa katakata: "Anitahini yeye, la sivyo siingii." Watahini hawakuamini masikio yao. Aliingia, akafaulu.

Sista Sabuni alifariki uzeeni, mwezi wa tisa, na ajabu ya maziko yake husimuliwa hadi leo. Padri aliwaomba wakunga wote aliowasaidia wasimame, na karibu kanisa zima likasimama. Akafurahi, akasema aliowafaulisha mara ya kwanza wabaki wamesimama, wengine wakae. Wakakaa wote.

Ndugu waamini, anayetaka kumwiga asiogope kusema ukweli unaomwangusha mwenzake. Ila akishausema, asiende zake.