Fundi Baiskeli wa Kiabakari Arudishiwa Fimbo Zake

Saa kumi jioni, Kiabakari. Apolinary Burito anaacha gurudumu alilokuwa akilinyoosha, ananawa grisi kwa mchanga na kipande cha sabuni, kisha anatoa nyuma ya kibanda fimbo mbili za mkole. Ncha zake zimefungwa mpira wa baiskeli. Kichwani anavaa kofia ya waya inayofunika hadi uso, aliyoishona mwenyewe kutokana na chekeche kuukuu.

Ukimwona mara ya kwanza utacheka. Mwandishi wa habari hizi alicheka, akatazamwa tu.

Fundi huyu wa miaka hamsini na minne anafundisha mchezo wa vitara, yaani kushindana kwa panga nyembamba zisizokata. Wiki tatu zilizopita mchezo huo nusura umtoe kijijini.

Aliupata mgodini. Kabla mgodi wa dhahabu haujafungwa, alihudumu miaka kumi na mmoja katika klabu ya Wazungu. Mhandisi mmoja aliyekosa mpinzani akaamua kumfundisha yeye.

"Alikuwaga mpweke yule," anasema. "Mimi nafuta meza, yeye ananiita, 'Burito, shika!' Halafu ananiambiaga habari za zamani. Eti kwao watu walikuwa wanauana kweli kwa hizi panga, kisa tusi moja tu. Baadaye wakachoka kuzika. Wakaweka kifundo kwenye ncha, wakavaa wavu usoni. Vita ikawa mchezo."

Mchezo huo umo katika Olimpiki tangu ile ya mwaka 1896. Hapa Kiabakari una wachezaji tisa, waliohamia kutoka vitongoji mbalimbali kijiji kilipoanzishwa mwaka jana, 1974. Wengi walikua wakitandikana fimbo machungani, na kuwafundisha kugusa badala ya kutandika kumemtoa fundi jasho.

Matata yalianza pale Ryoba, kamanda wa mgambo, alipowaona kwa mbali: watu wawili wamefunika nyuso, wanaelekezana fimbo vifuani. Alikusanya fimbo zote, pamoja na kitara kimoja cha kweli ambacho mhandisi alimwachia fundi, akavipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Alisema Burito anafundisha watu kuua.

"Boke mke wangu alishafunga vyombo," Burito anakumbuka. "Na shamba tumeshapanda, mahindi yamefika magotini. Ningeenda wapi mimi?"

Siku ya mkutano wa kijiji, mwenyekiti, Ndugu Luhende, aliamua fundi auonyeshe huo mchezo hadharani, na mpinzani wake awe Ryoba mwenyewe.

Ryoba alifyeka hewa kama mtu aliye kwenye majani ya shamba jipya. Dakika nzima hakuambulia kitu, watu wakamzomea. Ghafla Burito akasimama, akainua mkono wa kushoto.

"Nimeguswa," akasema.



"Nani kaona?" akauliza Luhende.

Hakuna aliyeona. Hata Ryoba alidhani amekosa.

"Ndiyo sheria yake, Ndugu Mwenyekiti," fundi akajibu. "Anayeguswa ndiye anasemaga. Fimbo yake imenipitia hapa ubavuni."

Luhende alicheka mpaka akatafuta kiti. "Mtu anayejishtaki mwenyewe mbele ya kijiji kizima, huyo atatuficha njama gani? Mrudishieni vitu vyake."

Jioni ileile Boke alifungua vyombo, akasonga ugali wa mtama na kukaanga sato. "Nilikula mpaka nikaona aibu," anasema Burito. "Wiki nzima chakula kilikuwa hakipiti."

Sasa anataka kupeleka wachezaji wanne Musoma kwenye sherehe za Sabasaba ijayo, watu wa mji nao waone. Watatu ameshawapata. Wa nne, anasema, bado anamtafuta. Wepesi wa mkono anaweza kumfundisha mtu, ila kukiri kunamtegemea mtu mwenyewe.

Uwanjani leo anacheza na Ryoba. Ndiyo, Ryoba yuleyule. Huja kila jioni akitoka zamu, na bado anafyeka kidogo.

Katikati ya mchezo kamanda anasimama. Sisi tuliopo hatujaona kitu. Anatazama huku na huku, anamtazama fundi, kisha anainua mkono wa kushoto polepole, uso umekunjamana kama aliyemeza kwinini.

"Nimeguswa."

Burito anavua wavu wake, anacheka.

"Haya. Wanne wametimia."